Nailoni Isiyonata

Sindano ilikuwa mkono wa kushoto, uzi ulikuwa mkono wa kulia, lakini tundu la sindano lilikokwenda Imaculata hakukujua. Alilamba ncha ya uzi, akaisokota, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha, akasukuma. Uzi ukapita pembeni. Akasukuma tena. Ukapita pembeni upande wa pili, kana kwamba unamkwepa makusudi.

Nje ukungu wa milima ya Matogoro ulikuwa haujainuka. Ulikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita Songea huamka ikiwa bado imejifunika. Basi akasema kosa ni la ukungu. Jana alikuwa amesema kosa ni la taa ya chemli. Juzi alisema siku hizi viwanda vinatengeneza sindano bila adabu.

"Hodi humu," ikaita sauti nzito mlangoni.

"Karibu, Pankrasi. Kaa hapo, ila usikalie fremu yangu."

Pankrasi aliuza mbolea na mbegu nyuma ya soko, na alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya kigango chao hapo Majengo. Alikuwa mtu mrefu, mwimbaji wa besi, na kila alipotaka kusema jambo gumu alianza kwa kukohoa. Siku hiyo alikohoa mara tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho ni kifua au ni habari mbaya?"

"Vyote kidogo, mama." Akafungua mfuko aliokuja nao, akatoa kitambaa cha altare. "Hiki ulitudarizia Pasaka."

"Nakijua. Huyo ni mwanangu."

"Kikombe chake, mama, kimeegemea upande."

"Kimeegemea au kimelewa?"

Pankrasi akatazama viatu vyake. "Mimi nilisema kimeegemea. Waliosema kimelewa ni waimbaji wa sauti ya pili."

Imaculata alikichukua kitambaa, akapitisha kidole juu ya nyuzi za dhahabu. Macho yake yalikuwa yamemwambia tangu Pasaka kwamba kikombe kimesimama wima. Kidole kikamwambia vingine. Kidole hakikuwa na sababu ya kumdanganya.

Alikuwa fundi wa kudarizi kwa miaka thelathini na minne. Masista wa Peramiho ndio waliomfundisha, akiwa msichana aliyemaliza darasa la nne na hana ada ya kuendelea, na tangu hapo hakuna harusi ya heshima, kipaimara wala upadirisho uliopita bila mkono wake kuwamo. Mume alishatangulia. Watoto walikuwa Mbeya na Dar es Salaam, na maisha yao. Alichobaki nacho nyumbani ni fremu, mikasi, pasi ya mkaa, na jina. Ukishuka stendi ukasema unamtafuta fundi Imaculata, hata asiyekujua atakuelekeza.

"Tunakwenda Peramiho kwenye tamasha la kwaya," Pankrasi akaendelea. "Wiki tatu zijazo. Mashati ishirini na mawili, meupe, na kila moja liwe na njiwa mwekundu kifuani, upande wa moyo. Sasa kuna kijana pale karibu na stendi ana cherehani ya umeme. Anashona njiwa mmoja kwa muda wa kunywa chai."

"Na chai yenyewe ya moto au ya kupoa?"

"Mama, usinicheke. Mimi nimewaambia wanakamati, fundi wetu ni Imaculata. Wakasema, sawa, mpelekee shati moja. Jumapili baada ya misa walione. Wakiridhika, yale ishirini na moja yanakuja hapa. Wasiporidhika," akakohoa tena, "basi, mama, na wewe upumzike."

Akaliacha shati juu ya meza, akaaga.

Upumzike. Lile neno lilibaki chumbani baada ya mwenyewe kuondoka. Imaculata alilijua. Ndilo waliloambiwa mafundi wenzake wa zamani, mmoja mmoja, nao wakapumzika, na mwaka uliofuata hata watoto wa mtaa hawakujua kwamba yule bibi anayeota jua kibarazani aliwahi kuwa fundi wa chochote. Leo Jumatatu. Jumapili siyo mbali.

Mchana jua lilipokubali kutoka, Nasma akapita. Nasma alikuwa jirani yake, mtu wa Tunduru, muuza mitumba, na mumewe Bakili ndiye aliyekuwa akifuata marobota Dar es Salaam. Mwaka huo wa tisini na tatu biashara ilikuwa imefunguliwa kweli kweli. Watu walishasahau foleni ya khanga kwenye duka la ushirika, na malori yalishusha Songea vitu ambavyo hata waliovileta hawakujua majina yake.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea ngozi ya nyoka."

"Marahaba, mwanangu. Nyoka mwenyewe umemwacha wapi?"

"Amebaki Ulaya." Nasma akaweka mezani vitu viwili vilivyoviringishwa kama mkeka mdogo, vyote vyekundu, kila kimoja kirefu kama mkono. "Tumefungua robota la jezi asubuhi, hivi vikawa katikati. Bakili anasema ni vya kutandika meza. Mimi nikamwambia meza ya nani, ya sungura? Nikasema nikuletee wewe unayependa mafumbo."

Imaculata akavuta kiti. Hapo ndipo ilipokuwa raha yake, tangu utoto: kitu kisichosema jina lake. Alikigeuza cha kwanza, akakinusa. Kilinuka kama ndani ya gari jipya. Akakigonga kwa kucha, akakikunja pembe, akaipeleka pembe hiyo kwenye ncha ya ulimi.

"Mama, usile bidhaa," Nasma akasema.

"Nasalimiana nayo."

Cha kwanza kilikuwa na uso unaong'aa, na mgongoni kilivaa karatasi nyeupe yenye utelezi. Alipoingiza kucha kati ya karatasi na nailoni, karatasi ikaachia, na upande wa ndani ukamshika kidole kama ulimbo. Akavuta, ukashika kingine. Nasma akacheka mpaka akalazimika kuketi.

Cha pili kilikuwa kama pacha wake kwa rangi tu. Hakikuwa na karatasi. Upande mmoja kilivaa plastiki ngumu, angavu kama kioo, na upande mwingine kilikuwa wekundu mtupu, usio na mng'ao. Ukiugusa huo wekundu haushiki kitu. Mkavu kama unga.

"Hiki hakina gundi," Nasma akasema.

"Hakina," Imaculata akakubali, akakisukuma pembeni, akarudi kwa yule mwenye ulimbo. Kama kitu chekundu kinaweza kushika nguo chenyewe, kazi inayobaki ni ya mkasi, na mkasi hauna tundu la kutafutwa. Mkono wake ungeweza kukata njiwa hata gizani. "Nasma, mwanangu, nadhani huyu ndiye."

Hakungoja kesho. Alichora njiwa kwa chaki, akamkata, akambandua karatasi, akamweka kwenye shati la Pankrasi upande wa moyo, akambana kwa kiganja. Njiwa akatulia, mwekundu, kingo safi, kana kwamba alizaliwa na shati. Hakujawahi kutoka kazi nzuri hivyo mezani pale kwa muda mfupi hivyo. Imaculata alilala usingizi mzito siku hiyo.

Lakini fundi ni fundi. Jumanne asubuhi akajiuliza: na siku ya kufua? Akachukua shati, beseni na sabuni ya mche, akafua kama wafuavyo wanawake wote wa Majengo, nguo juu ya vifundo vya vidole, sugua, geuza, sugua, kamua. Alipolitandaza, bawa moja la njiwa lilikuwa limeinuka. Akajipa moyo kwamba pasi italilaza. Akatia mkaa, akangoja ushike, akapitisha pasi. Njiwa akajikunja kama jani lililoangukia jiko, akasinyaa, na ule ulimbo ukamtoka pembeni ukaenea kwenye shati jeupe kama jasho.

Alikaa akilitazama. Shati lilikuwa moja tu.

Nasma aliyekuja kuomba moto alimkuta vile vile. Alikwenda kwake akarudi na chupa ya mafuta ya taa, wakaketi wawili wakiloweka na kusugua kwa kitambaa, kidogo kidogo, ulimbo ukatoka. Kisha wakalifua shati mara mbili kuondoa harufu ya taa, na mara ya tatu kwa maji matupu.

"Tumwite Ramson," Nasma akasema. "Yeye ni mtu wa rangi na vibao. Atajua."

Ramson alikuwa mwandika vibao mwenye kibanda upande wa pili wa barabara, mtu wa Mbamba Bay, na alijua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Alikuja na brashi sikioni. Alitazama gombo la kwanza, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Hii ni stika, mama. Dar wanabandika kwenye vioo vya magari na kwenye bati za maduka. Inapenda kitu kigumu, chenye uso laini, kisichokunjika. Wewe umeiweka kwenye shati ukaikamua. Umeionea."

"Na hii nyingine?"

Ramson akaishika, akaikwaruza upande mkavu, akainusa. "Hii nayo ni stika, ila gundi yake imekauka. Imekaa sana ghalani huko kwao. Tupa."

"Una hakika?"

"Mama, mimi nimeshika gundi tangu hujanijua."

"Basi chukua hiyo ya kwanza ukabandike mabati yako. Na malipo yake unichoree njiwa kwenye kadibodi, niwe na kielelezo. Lakini awe njiwa, Ramson. Yule simba uliyemchora pale baa anabweka."

"Simba yule watu wanampenda."

"Wanampenda kwa sababu hawaogopi kumpita," Nasma akasema, na Ramson akaondoka na gombo lake akinung'unika, lakini jioni kadibodi ikaletwa, na njiwa wake alikuwa mzuri, mwenye kichwa kilichoelekea mkono wa kulia.

Imaculata hakutupa gombo la pili. Neno la Ramson lilimkaa vibaya. Yeye aliishi na gundi za kila namna, ya unga wa muhogo, ya utomvu, ya kopo, na gundi iliyokauka aliijua. Hugeuka njano. Hupasuka ukiikunja, ikaacha vumbi. Hii aliikunja mara kumi, haikupasuka. Aliifuta kwa kitambaa cheupe, haikuacha kitu. Kwa nini kitu kilichokufa kiwe laini hivi?

Jumatano walikaa kibarazani kwa Nasma wakichambua mitumba, Imaculata kibakuli cha mahindi ya kuchemsha mapajani na lile gombo chini ya kwapa, kama mtu anayetembea na kuku asiibiwe.

"Kitendawili," Nasma akasema bila kuinua macho.

"Tega."

"Mgeni wangu kavaa koti mgongoni, tumbo kaacha wazi, na baridi hasikii."

Imaculata akatafuna. "Kobe."

"Kobe tumbo lake lina gamba."

"Jiko."

"Unakwenda mbali zaidi. Nipe mji."

"Haya, nakupa Mbinga, pamoja na kahawa yake yote."

"Nimeipokea. Mgeni ni huyo uliyembana kwapani. Tangu Jumatatu namtazama. Plastiki juu, chini mtupu."

Nasma alisema kwa mzaha tu, akaendelea kukunja sketi. Lakini Imaculata aliacha kutafuna. Akalitoa gombo, akalilaza mapajani. Koti mgongoni, tumbo wazi. Yule wa kwanza alivaa karatasi tumboni, upande wa gundi, kwa sababu gundi ile ilikuwa macho wakati wote, ingeshika vumbi, nywele, kila kinachopita. Huyu wamemvisha usoni, upande wa rangi. Hakuna mtu anayefunika kitu bila sababu. Kama wamefunika uso, basi uso ndio unaokwenda kuumizwa. Na kama tumbo wameliacha wazi, basi tumbo halina cha kuogopa. Kwa sasa.

"Nasma. Zile jezi zilizokuwa kwenye robota hilo, umeuza zote?"

"Zimebaki tatu. Kubwa mno, za majitu."

"Nipe mojawapo."

Nasma akaleta ya bluu, mgongoni namba tisa nyeupe. Imaculata aliigeuza ndani nje. Mshono hakuna, hata tundu moja la sindano. Akaifuata namba kwa kidole. Haikuwa rangi iliyopakwa, maana rangi huzama kwenye kitambaa, na hii ilikuwa imekaa juu, ina ukingo, nyembamba kama ganda la kitunguu. Aliikwaruza kwa kucha, haikuachia. Kisha akashika kitambaa pande mbili akavuta. Namba ikavutika pamoja na nguo, ikarefuka, na alipoachia ikarudi mahali pake bila mkunjo.

"Bandua kipande cha hilo gombo," akamwambia Nasma.

Nasma akabandua ngozi nyekundu kutoka kwenye koti lake angavu, kipande cha upana wa vidole viwili, akakivuta. Kikarefuka. Akaachia, kikarudi. Wakatazamana.

"Ile stika ya Ramson ukiivuta inakatika," Nasma akasema polepole.

"Inakatika. Huyu na namba tisa ni wa tumbo moja."

"Sasa namba tisa alishikaje na yeye hana gundi?"

"Hilo ndilo nitakalolala nalo," Imaculata akasema, akachukua gombo lake akarudi nyumbani.

Alilala nalo, akaamka nalo. Kilichoshika bila kushonwa kina gundi, atake asitake. Gundi hiyo mkono haiihisi. Maji haikuyahitaji, alishailowesha haikubadilika. Kilichobaki ni moto. Alikumbuka nta ya nyuki, baridi ngumu kama jiwe, joto inakuwa ulimbo. Na koti la plastiki usoni, labda ndilo la kukinga na moto. Alhamisi asubuhi akatia mkaa kwenye pasi, akatandika blanketi kuukuu mezani, akaweka juu yake kipande cha marekani mpya kutoka dukani, akakata njiwa kwa kadibodi ya Ramson.

Hapo ndipo mikono yake ilipomfanyia kitu ambacho fundi wa kudarizi peke yake angefanyiwa. Kazi ya kudarizi hainyooshwi kwa uso. Ukiipiga pasi usoni nyuzi zinalala, ua linakufa. Unailaza kifudifudi kwenye kitu laini, unapiga pasi mgongoni, ndipo ua linasimama. Masista walimwambia hivyo mara mia, naye amewaambia wasichana aliowafundisha mara elfu. Kwa hiyo bila kuuliza mtu, mikono ikamlaza njiwa kifudifudi, koti chini, tumbo juu, na ikashusha pasi.

Alipoinua pasi, njiwa hakuwepo mezani.

Nasma, ambaye siku hizo aliiacha biashara yake chini ya uangalizi wa Bakili kila alipopata nafasi, aliinama chini ya meza kumtafuta. "Kaenda wapi?"

Imaculata aligeuza pasi taratibu. Njiwa alikuwa kwenye tako la pasi, mwekundu, ametandaza mabawa, koti lake la kioo likining'inia nje.

"Astaghfirullah," Nasma akasema. "Mama, umeiharibu pasi."

Imaculata alimtazama kama mtoto atazamavyo yai linalopasuka. Alijaribu kumwinua njiwa kwa ncha ya mkasi. Hakuinuka. Alikuwa ameshika, na alishika kwa tumbo. Tumbo lile kavu, lisilonata, ambalo Ramson alisema limekufa.

"Haijaharibika," akasema mwisho. "Imejibu."

"Imejibu nini?"

"Gundi iko tumboni, imelala. Moto ndio unaoiamsha. Mimi ndiye niliyemlaza mgonjwa vibaya. Nimempiga pasi kama uzi, na yeye siyo uzi."

Kusafisha pasi kuliwachukua muda mrefu. Waliikwaruza ingali moto kwa kipande cha mti, wakaipaka mshumaa, wakaisugua juu ya jani bichi la mgomba mpaka tako likateleza kama zamani. Kisha Imaculata akaanza upya, safari hii akiikemea mikono kwa sauti. Tumbo kwenye kitambaa. Koti juu. Kitambaa chembamba juu ya koti, maana pasi ya mkaa haina kisahani cha kupunguza moto, na plastiki ni plastiki. Alidondosha tone la maji kwenye pasi. Lilipoacha kurukaruka na kuanza kuchemka polepole, akaishusha, akaegemea kwa uzito wake wote, akasali Salamu Maria moja na nusu.

Nasma akawahi kulibandua koti. Njiwa akaja nalo.

"Subiri," Imaculata akasema. "Nta haishiki ikiwa moto. Iache ipoe."

Wakamrudishia njiwa pasi, wakamwacha apoe. Nasma alikalia viganja vyake ili visimponyoke. Kitambaa kilipopoa kama ukuta, Imaculata akashika pembe ya koti, akaivuta ikijikunja yenyewe, na plastiki ikatoka peke yake, tupu, kimya. Njiwa akabaki.

Walimtazama. Alikuwa amegeuka. Kwenye kadibodi alitazama kulia, hapa alitazama kushoto, kana kwamba mtu kamwita.

"Huyu naye ana kiburi," Nasma akasema.

"Hana kiburi. Nimemchora mgongoni nikamlaza kifuani. Kesho naigeuza kadibodi."

Kisha wakamfua. Imaculata alisugua kwa hasira ya Jumanne yote, akakamua mpaka maji yakaisha. Njiwa alikaa, isipokuwa ncha ya mkia, iliyoinuka upana wa ukucha. Jambo hilo lilimsumbua hadi Ijumaa asubuhi. Njiwa yule yule, pasi ile ile. Akashika kile kipande cha marekani akakisugua karibu na sikio. Bado kilikuwa na mlio wa dukani. Nguo mpya huja na wanga wa kiwandani, ili ionekane nene kuliko ilivyo, na gundi ilikuwa imeshika wanga badala ya nguo. Wanga ukaenda na maji, mkia ukaenda na wanga. Lakini shati la Pankrasi, ambalo yeye na Nasma walilifua mara tatu kuondoa aibu ya stika, halikuwa na wanga hata chembe.

Ijumaa mchana akalitandika shati juu ya blanketi. Akaigeuza kadibodi. Hakuharakisha. Mkasi ulizunguka bawa, ukazunguka shingo, na macho yake hata hakuyahitaji sana; kidole cha shahada kilitangulia mbele ya mkasi kama mtu anayemshika kipofu mkono, na mkasi ukafuata.

Jumapili baada ya misa Pankrasi aliwakusanya wanakamati uani kwa Imaculata. Walikuja watano. Mmoja alikuwa mama wa sauti ya pili, Walburga, ambaye Imaculata alimtambua mara moja, kwa jinsi alivyokwepa kumtazama, kuwa ndiye aliyesema kikombe kimelewa. Shati lilikuwa mezani limekunjwa. Pembeni yake kulikuwa na beseni la maji na sabuni.

"Maji ya nini, mama?" Pankrasi akauliza.

"Ya Walburga. Karibu, mwanangu, fua."

"Nifue shati jipya?"

"Fua kama la mumeo. Njiwa akibanduka, nimeshindwa mbele ya mashahidi."

Walburga akavua saa. Alifua, na alikuwa mfuaji, mwenye mikono ya mtu aliyelea watoto saba. Alisugua njiwa juu ya vifundo, akamgeuza, akasugua tena, akakamua mpaka akauma meno. Uani hapakuwa na sauti nyingine ila ya maji. Nasma alisimama mlangoni na mtandio umemwanguka mabegani. Imaculata alikaa kwenye kigoda mikono mapajani. Kwa mbali kule aliona wekundu tu juu ya weupe. Kingo hakuziona. Ilibidi angoje kuambiwa.

Walburga alilitandaza shati kwenye uzio, akainama, akapitisha kucha kwenye mkia, kwenye mdomo, kwenye ncha za mabawa. Akavuta kitambaa pande mbili, akaachia.

"Hajainuka popote," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Na amesimama wima, mama."

Pankrasi alikaribia akamgusa njiwa kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu chungu kama kina moto. "Umemshonaje? Sioni uzi."

"Hakuna uzi."

"Ni rangi?"

"Siyo rangi. Ukinipa kazi nitakuonyesha. Usiponipa, kamuulize kijana wa umeme."

Watu wakacheka, na Pankrasi akacheka pamoja nao, ile besi yake ikawatisha kuku. Aliwatazama wanakamati mmoja mmoja, nao wakatikisa kichwa kukubali, Walburga wa kwanza.

"Basi, mama, yale ishirini na moja nakuletea kesho asubuhi."

"Kesho sitaki," Imaculata akasema.

Pankrasi akakohoa.

"Niletee Jumatano. Kesho na keshokutwa wagawie waimbaji, kila mtu afue lake. Maji mawili, sabuni ya mche, wanga wasitie. Wayaanike yakauke kabisa, wala wasiyanyooshe, kunyoosha ni kazi yangu. Na atakayeleta shati lenye wanga nitalijua kwa mlio wake, nitalirudisha."

Pankrasi alipapasa mifuko akatafuta kalamu. Hakuipata. Nasma akampa ya kwake, na mwenyekiti wa kwaya akaegemea ukuta wa fundi Imaculata, akaandika kwenye kiganja: maji mawili, bila wanga, Jumatano.